Aliyechoka Kuliko Wote

Jumatatu, 4 Machi
Ofisi ya kuchangia, wanaiita: kila mtu na kazi yake, analipia kiti kwa mwezi. Tunachangia meza, hewa, na kelele za Miwani, mfasiri mwenzangu, anayetafuna biskuti kama anavunja kokoto. Chumba chenye mlango kipo kimoja tu, cha dirishani, na hakikodishwi. Kila Jumatatu tunakaa duara, kila mtu anaeleza moyo wake ukoje, halafu Bi Meneja anampa chumba kwa wiki nzima aliyechoka kuliko wote. Upuuzi mtupu! Nilisema niko buheri wa afya. Miwani akasema hapati usingizi. Chumba kachukua yeye. Mnafiki!

Mke wangu kasema nisipopata kazi ya kutafsiri mpaka mwisho wa wiki ijayo, ofisi basi, nitabeba ndoo za rangi dukani kwa kaka yake. Mimi! Na shahada yangu!

Alhamisi, 7 Machi
Mchapishaji, yule anayekaa karibu na birika, anatafuta mfasiri wa kitabu cha tiba. Kazi ya mwaka mzima! Ila mtu wa heshima hazungumzi kazi kubwa huku biskuti zinavunjwa sikioni. Nahitaji mlango. Kwa hiyo Jumatatu nitachoka. Nimefanya mazoezi kwenye kioo cha chooni. Mfagiaji kaniuliza kama nimefiwa. Safi sana.

Jumatatu, 11 Machi
Ushindi! Nimewaambia sili, silali, nikiona karatasi nasikia kichefuchefu. Nikatoa chozi. Mchapishaji mwenyewe kanipa leso yake. Chumba changu! Miwani kaniletea chai. Anajipendekeza tu.

Jumatano, 13 Machi
Hakuna anayebisha hodi. Bi Meneja kawakataza wasinisumbue. Nilimpungia mchapishaji kupitia kioo cha mlango aingie. Akanipungia kwa huruma, akapita akinyata. Mtu mzima ananyata!

Ijumaa, 15 Machi
Nimemfuata mwenyewe birikani. Nikamwambia kitabu nakiweza. Akanishika bega, akasema afya kwanza, hana roho ya kumtwisha mgonjwa mzigo ule. Kampa Miwani jana. Nikasema kuchoka kwenyewe nilikuwa naigiza. Akasema waliozidiwa ndivyo wanavyosema. Nikafoka. Bi Meneja akaja mbio na glasi ya maji.

Miwani akanivuta pembeni, akasema kitabu ni kinene, tugawane. Anihurumie mimi? Nimekataa.

Mke wangu hakugomba. Alichukua simu tu, akampigia kaka yake. Imeniuma kuliko kama angegomba.

Jumatatu, 18 Machi
Duka la rangi. Mgongo unawaka. Hapa hakuna duara, hakuna wa kukuuliza moyo wako ukoje. Shemeji anauliza tu ndoo ziko wapi. Feni ipo moja, na chini yake kiti kimoja, anakikalia karani kwa sababu eti ana mguu mbovu. Nimemchunguza kutwa. Mguu gani ule, hauna lolote!

Kesho naanza kuchechemea.