Wimbo wa Kumuaga Mwalimu Maganga

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nimekuwa mtunzi wa nyimbo. Imetokea ghafla. Mwalimu Veronica wa kwaya kauliza nani ana wimbo wa kumuaga mkuu wetu wa shule, Mwalimu Maganga, anayestaafu. Utaimbwa Jumamosi kwenye mahafali ya Kidato cha Nne. Shifa akanyoosha mkono. Shifa! Binti wa duka la vitambaa, mwenye spika kubwa kuliko kabati letu, anayejua kila wimbo mpya kabla haujafika Bariadi. Mkono wangu nao ukapanda. Nikasema ninao, wa Kisukuma, nimeutunga mwenyewe. Mwalimu kafurahi mpaka kakaa chini. Shifa kapewa kazi ya spika tu. Ha!

Sasa natafuta wimbo.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeupata! Sikuutunga, nimeukumbuka. Karibu sawa.

Nilikuwa nafua. Redio ya shangazi Domitila ikapiga dansi la zamani (ninalipenda kuliko Bongo Fleva, ila shuleni nakana). Gita likalia kidogo tu, mara niko Nkololo, kijijini kwa bibi. Mdogo, nimekaa juu ya rundo la pamba, natafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Bibi anachuma huku anaimba. Wanawake wanaitikia toka upande wa pili wa shamba. Babu Nyanda kajilaza kwenye kivuli cha mkokoteni, kofia usoni. Kila bibi akifika kwenye kiitikio, tumbo la babu linatikisika kwa kicheko. Sikuwahi kujua kwa nini. Sabuni imenikaukia mikononi.

Bibi hajauimba tangu babu azikwe. Kwa hiyo wimbo hauna mwenyewe. Ndivyo ninavyoona mimi.

Kisukuma changu ni cha mjini: salamu, chakula, ng'ombe. Lakini nimeelewa. Kuna baba, kuna kulala, kuna ng'ombe. Ni wimbo wa kumbembeleza mzee aliyemaliza kazi zake! Beti nimeziandika kwa Kiswahili: pumzika baba, jembe liweke chini. Kiitikio nimekiacha na Kisukuma chake. Nimelia kidogo kwa ajili ya kipaji changu.

Jumatano, 17 Septemba

Mazoezi. Mwalimu Veronica ni mtu wa Moshi. Kasema kiitikio kinamtoa machozi. Thomasi, besi wetu, Msukuma wa kijiji cha Lingeka, kacheka mpaka kashika ukuta. Kaniuliza kama nina hakika na maneno yale. Nikamwambia kazi ya besi ni kuwa chini. Wivu upo kila mahali.

Balaa moja. Mayige, mtoto wa shangazi, anamaliza Kidato cha Nne, na bibi kaalikwa. Akiusikia wimbo wake nimekwisha. Nikampigia simu, nikamwambia mahafali yamesogezwa hadi Jumapili. Akasema wabeja, asante, mjukuu wangu, umefanya vizuri kunijulisha. Roho ikaniuma. Baadaye ikapoa.

Ijumaa, 19 Septemba

Bibi kafika! Leo! Juu ya bodaboda, jogoo kwapani. Kasema mwenye shughuli hafiki siku ya shughuli kama mgeni. Shangazi akamwambia mahafali ni kesho. Bibi akaniangalia sana, kisha akasema labda yeye ndiye aliyesikia vibaya. Nikasema mtandao wa Nkololo siku hizi hovyo kabisa.

Mpango mpya: jikoni. Nimemweleza kwamba wapishi wa shule wanaunguza pilau, na heshima ya Mayige iko hatarini. Kakubali mara moja. Jiko liko nyuma ya madarasa. Kule hasikii kitu.

Baada ya chakula kaniuliza kama bado naimba kama zamani shambani. Nikasema siku hizi nasoma. Akasema, "Nyumba yangu imekuwa kimya, Joyness. Hata kuku wanashangaa." Nikaenda kuosha vyombo, hata vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 20 Septemba

Sitatoka nje tena maisha yangu yote.

Nilimwambia Shifa afungulie spika mpaka mwisho, sauti yangu ifike sokoni. Katii. Mara ya kwanza katika maisha yake!

Ubeti wa kwanza, watu kimya. Mgeni rasmi anatikisa kichwa. Mwalimu Maganga kwenye kiti chake kaanza kusinzia, kama anavyosinzia kwenye vikao vyote, shule nzima inajua. Nikaingia kwenye kiitikio. Wazazi wa vijijini wakatazamana. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Halafu kicheko kikashuka kama mvua kwenye bati. Nikadhani ni furaha. Nikarudia! Mwalimu Maganga akashtuka, akamuuliza mgeni rasmi watu wanacheka nini.

Nikamwona bibi anatokea nyuma ya madarasa, mwiko mkononi, punje za pilau bado zimeng'ang'ania. Anakuja moja kwa moja. Nikafumba macho. Akachukua maiki.

"Mjukuu wangu kaimba vizuri," akasema, "ila hajui anaimba nini."

Akawaeleza. Wimbo aliutunga yeye, akiwa bado bibi harusi, kumsema mume wake aliyelala machungani: lala baba, lala, ng'ombe wako wanakula pamba ya jirani, ukiamka utakuta kesi. Alitaka mume aone aibu. Mume akaupenda! Kila msimu akamwomba amwimbie. Hata alipolala kitandani kwa ugonjwa aliuomba. "Siku tuliyomzika nikafunga mdomo," bibi akasema. "Leo nimesikia mtu anamwimbia Nyanda wangu kwenye spika. Nikadhani nimechanganyikiwa."

Hakuna aliyecheka tena.

Halafu akauimba. Wote, toka mwanzo. Sauti imezeeka, inakwaruza, lakini ni ileile. Wanawake wakasimama mmoja mmoja wakaitikia. Mwalimu Maganga akashuka jukwaani akacheza, akasema mke wake alihitaji wimbo huu miaka yote.

Nami nikaitikia. Pua yangu ikajaa vumbi la pamba. Nililiona tumbo la babu likitikisika chini ya kofia yake, na sasa nikajua anacheka nini. Sikumbuki nililia saa ngapi. Shifa alilia pia, lakini yeye analia hata kwenye matangazo.

Jumapili, 21 Septemba

Nimemsindikiza bibi stendi. Njiani nikasubiri kuchapwa kwa maneno. Yeye akawa anahesabu nauli yake. Nikashindwa mwenyewe, nikamwambia Jumapili haikuwa kosa la mtandao. Akasema anajua. Akauliza kwa nini sikumwomba tu. Nikasema niliogopa atakataa. Akasema, "Ng'ombe ukimtoa zizi linapungua. Wimbo ukiutoa, bado unao." Kanifundisha beti mbili tulipokuwa tukisubiri gari, pamoja na maana yake, neno kwa neno. Kondakta naye kaitikia. Gari likaondoka, bibi dirishani bado anaimba.

Nimeapa. Kuanzia leo sidai kitu nisichokitunga, na siimbi neno nisilolijua.

Jumatatu, 22 Septemba

Mwalimu Veronica kasema wiki ijayo wanakuja wakaguzi wa elimu, kauliza nani ana wimbo wa kuwapokea. Mkono wa Shifa ukaanza kupanda. Wangu ukafika juu kwanza!

Ninao tayari. Jana nikitoka stendi nilipita kwenye mashine ya kusaga, kulikuwa na mama mmoja anauimba huku anapepeta. Lugha sikuitambua, labda Kitaturu. Lakini sauti yake ni ya upole, tena ya heshima sana. Ni wazi kabisa unahusu umuhimu wa elimu.