Binti Yangu na Fundi Nondo

Jumatatu, 4 Machi
Wanafunzi wa uhandisi wameletwa saiti kujifunza kazi. Wavulana tele, msichana mmoja. Wangu. Tangu mama yake afariki nimemlea kwa kuchanganya zege. Nikajipangusa, nikanyoosha shati. Akanipita. Shikamoo baba, kisha moja kwa moja kwa Kipara, fundi nondo, msuka vyuma vya zege. Kutwa nzima anamuuliza. Kipara anajibu huku kashika kiuno. Nimejimwagia maji miguuni nikiwatazama.

Jumanne, 5 Machi
Nimempelekea binti chai. Ahsante baba. Nusu kampa Kipara. Kipara kaniambia binti huyu ana kichwa. Ananiambia mimi!

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa. Wakija wasichana wengine, Kipara atazidiwa, wangu atarudi kwangu. Nikamfuata mwalimu wao, mama mmoja mkali. Nikamwambia, mwalimu, msichana mmoja kati ya madume yote haya, ni haki kweli? Macho yakamlowa. Kasema kila siku anawaomba wakubwa wake walete wasichana zaidi, hawamsikii, leo kasemewa na mbeba zege. Kaniita mzazi wa mfano. Sikukataa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejipalia makaa. Wasichana wamekuja gari zima, kutoka madarasa mengine. Wote kwa Kipara. Kavaa shati jipya, mwanaharamu. Wanamwita baba. Wangu ndiye kiongozi wao, kasimama ubavuni pake. Mwalimu kanipiga picha na koleo. Wenzangu sasa wananiita Mama Wasichana. Msimamizi kasema niongeze maji ya kunywa, watu wamekuwa wengi.

Jumamosi, 9 Machi
Jioni nimemuuliza, mwanangu, nimekukosea nini? Kacheka mpaka kaweka sahani chini. Kasema chuo hakiruhusu mtu kufundishwa na mzazi wake. Halafu kasema, baba, zege nalijua tangu mdogo, nilikuwa nakutazama wewe. Kwa Kipara nafuata nisichokijua. Nikainuka kwenda kuosha vyombo, maana uso ulikuwa unanisaliti. Mimi na Kipara yameisha.

Jumapili, 10 Machi
Binti kaniambia wakimaliza mafunzo kutakuwa na sherehe chuoni. Wazazi wamealikwa. Kipara pia. Tutakaa benchi moja.
Nimewaza mpaka chai imepoa. Wavulana wamebaki kivulini siku hizi, hawana wa kuwafundisha. Nao wana wazazi wao, watakaomgombea fundi wa watoto wao siku hiyo. Kesho namwahi mwalimu kabla hajashuka garini. Wote wapelekwe kwa Kipara, tuone atapata wapi nafasi ya kukaa benchi letu.