Mashine Haipendi Kukandamizwa

Asubuhi hiyo habari haikuja na redio wala gazeti. Ilikuja na sanduku. Povu, mwenye uwanja wa kuoshea magari, alilitua juu ya benchi letu kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akalifungua, akatoa kitu chenye mpini mrefu na kichwa cha duara.

"Jamani, mambo yamebadilika," akasema. "Mashine ya kupigia polishi. Na si mashine ya hivi hivi. Hii inafanya mawili kwa mpigo: inazunguka, na huku inayumba."

Kesi akaweka kikombe cha kahawa chini. Tunamwita Kesi kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi, hata ule ambao hakuusikia mwanzo wake.

"Inayumba? Umekwenda dukani na akili zako ukachagua kitu kinachoyumba? Si ungemchukua jirani yangu siku ya mshahara? Yule anayumba bure."

Tukacheka. Kinyonga hakucheka. Kinyonga ni fundi rangi. Amepaka magari mengi mpaka kucha zake zimesahau zilizaliwa na rangi gani.

"Mimi nina mashine inayozunguka tu, na imenilisha miaka," akasema. "Hiyo ya kuyumba ni mchezo wa watoto."

"Ile yako inayozunguka tu ndiyo inayochoma rangi, kaka. Inang'ang'ania mahali pamoja," akajibu Povu. " Hii inahamahama, joto halipati pa kukaa."

"Nimechoma rangi ya nani?"

Kila mtu akatazama kikombe chake.

"Nauliza, nimechoma rangi ya nani?"

"Tukutajie kwa alfabeti," akauliza Kesi, "au kwa ukubwa wa gari?"

Povu hakuwa na muda wa kucheka. Nyuma yake, katikati ya uwanja, lilisimama gari jeusi la Mzee, na kila mtu pale benchi alijua maana yake. Povu anamtaka binti wa Mzee, binti anamtaka Povu, na Mzee hataki kusikia. Mzee ni dereva mstaafu. Amewaendesha wakubwa maisha yake yote, na hawezi kumaliza salamu kabla hajakwambia kwamba tangu ashike usukani hajawahi kukwaruza gari, hata kwa upana wa ukucha. Juzi alimwambia Povu mbele yetu sote:

"Kijana, kumwagia gari maji hata mvua inaweza. Nionyeshe ufundi. Keshokutwa nitaliacha hapa asubuhi, nije alasiri na mke wangu. Likiwa linang'aa, tutazungumza. Likiwa halijang'aa, utaendelea kuniita Mzee mpaka nife."

Sasa lilikuwa pale, limefifia kama sufuria ya msiba, mwili mzima mikwaruzo midogo ya duara, ukilitazama juani unaona utando wa buibui.

"Sikiliza ushauri wa bure," Kinyonga akasema, akinyanyuka. "Fanya boneti. Boneti ndiyo uso. Mtu akinawa uso, nani atamwuliza habari za mgongo? Ila mlango ule wa nyuma, wa kushoto, usiuguse kabisa."

"Kwa nini?"

"Rangi yake nyepesi."

"Umejuaje?"

"Macho ya fundi."

Povu akapaka dawa ya polishi kwenye pedi ya sponji, akainua mashine juu kama mtu anayetaka kupigwa picha, akabonyeza swichi. Kosa. Mashine ile haiwashwi hewani. Huwashwa ikiwa imeshalala juu ya bati. Dawa yote iliruka kutoka kwenye pedi kama mate ya ngamia mwenye kinyongo. Nyingine ilitua kwenye shati jeupe la Kesi, nyingine usoni kwangu, na tone moja, kwa uangalifu mkubwa, likaingia ndani ya kahawa ya Kinyonga.

"Imeshaanza kufanya kazi," akasema Kesi, akijifuta. "Tumbo la Kinyonga kesho litang'aa."

"Ni kujifunza!" Povu akafoka. "Nani kati yenu alizaliwa anajua kutembea?"

Safari ya pili akailaza kwanza, akawasha. Ikalia vizuri, ikazunguka, ikayumba. Povu akafurahi, na alipofurahi akaegemea. Ikaacha kuzunguka. Sauti ipo, mtetemo upo, lakini ule mstari mweusi aliouchora kwa kalamu ubavuni mwa pedi, ili aone mzunguko, ulisimama kama nguzo ya bendera.

"Imekufa," akasema Kinyonga, na sikuelewa kwa nini alisema kwa furaha.

"Haijafa, inakudharau," Kesi akasema. "Imeona una mikono ya kuoshea vioo. Kandamiza! Chuma hakibembelezwi."

Povu akakandamiza. Mstari haukusogea. Kesi akavua saa, akaja, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Povu, wakakandamiza wote wawili. Mashavu ya Kesi yalicheza kama uji unaochemka.

"In-in-in-aaa-nza ku-ku-ku-tii!"

"Ni wewe unayetii," nikamwambia.

 "Vina, njoo tusaidie, mashairi hayasukumi mashine!" akapaza sauti Kesi.

Vina ndiye mimi, mtunga mashairi wa benchi. Na mimi ni mtu wa damu moto, siwezi kuambiwa mashairi hayasukumi kitu nikakaa. Nikaenda, nikalala mgongoni mwa Kesi kwa uzito wangu wote. Wanaume watatu juu ya boneti moja, tunatetemeka kama homa, na bati chini yetu halijabadilika hata kidogo.

"Nyie!" Kinyonga akapaza sauti. "Mtalibonyeza boneti la watu! Rudisha hiyo mashine dukani, nitalipiga kwa mkono. Boneti tu."

Lile "boneti tu" lilimchoma Povu. Akatusukuma sote, akageuza kichwa nyuma kumjibu Kinyonga, mashine ikiwa bado mikononi, imelala juu ya boneti kwa uzito wake tu.

"Wewe tangu asubuhi boneti, boneti! Unaogopa nini? Unaona watu watakuacha? Watu waliokuja kwako na gari jekundu wakaondoka na la chungwa? Hata hilo jina la Kinyonga..."

"Povu," nikasema.

"...hukupewa kwa uzuri!"

"Povu, tazama."

Akatazama. Mstari mweusi ulikuwa unazunguka. Taratibu, kwa raha zake, kama mtu anayetembea Ijumaa. Na chini ya pedi, mahali alipokuwa ameisahau, palikuwa na duara la weusi wa kweli. Tuliinama wote. Tukajiona humo: vichwa vinne, na matone ya polishi kwenye pua zetu.

Povu akaikandamiza. Mstari ukasimama. Akalegeza. Ukazunguka.

"Haipendi kukandamizwa," akanong'ona, kama mtu aliyepewa siri ya ndoa kabla ya ndoa. "Yenyewe inajua kazi yake. Mimi wa kuiongoza tu, polepole, na kuipitisha tena."

Nikasimama. "*Mwenye pupa hukwaruza, mpole huing'arisha*..."

"Si wewe uliyekuwa umelala mgongoni mwangu sasa hivi?" Kesi akauliza. Nikakaa.

Kuanzia hapo hakuna aliyemshika Povu. Boneti, paa, milango ya mbele, buti. Kipande kidogo, mstari wa kwenda, mstari wa kukatiza, anafuta kwa kitambaa laini, anaendelea. Gari lilikuwa linarudi ujanani mbele ya macho yetu. Mpaka alipofika upande wa kushoto, nyuma, akamkuta Kinyonga ameegemea mlango, mikono kifuani.

"Sogea."

"Nimechoka. Naegemea kidogo."

"Usiegemee gari la mkwe wangu."

"Bado hajawa mkwe wako."

"Kesi, mwondoe huyu!"

Kesi hakungoja kuombwa mara mbili. Kinyonga alipobururwa alikuwa anasema, "Mtanikumbuka, jamani, mtanikumbuka," na tukadhani ni wivu wa kazi. Povu akapiga polishi mlango ule kwa mapenzi kuliko yote, akafuta, akarudi nyuma hatua chache atazame gari zima.

Tabasamu likamtoka usoni polepole.

Gari lilikuwa jeusi, jeusi la makaa. Mlango ulikuwa wa rangi ya bilingani.

Ukungu wa miaka ulikuwa umewafananisha, sasa ukungu umeondoka, kila mmoja anajulikana kwao.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema Kinyonga, na akakaa chini kabisa, vumbini. "Mzee aliugonga. Nguzo ya geti lake mwenyewe, mchana kweupe. Mke wake alikuwa kwa dada yake. Akaniletea gari amejifunika shuka kichwani, nikamdhani mgonjwa. Weusi ukaniishia katikati ya kazi, nikaongeza zambarau. Akaniapisha nisimwambie kiumbe chochote."

"Yule?" Kesi akashika kichwa. "Hata kwa upana wa ukucha?"

"Mlango mzima."

"Ungeniambia!" Povu alikuwa karibu kulia.

"Nilikuambia boneti!"

Na pale pale, kama waliokuwa wanangoja neno hilo, Mzee na mke wake wakaingia uwanjani. Mzee mbele, fimbo mkononi, kifua nje. Akazunguka boneti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akazunguka upande wa kulia, akasema "Ahaa." Akazunguka nyuma, akafika kushoto, akaona mlango. Fimbo ikamponyoka.

Mama alikuwa ameshafika. "Baba nanihii, huu mlango mbona hivi?"

Mzee akamtazama Povu, na mimi nilikuwa karibu, niliyaona macho yale. Yalikuwa macho ya mwanafunzi aliyevunja dirisha la mwalimu mkuu.

Povu akatazama mashine yake. Akamtazama Mzee. Kazi yote ile, mikono yote ile iliyokufa ganzi, ufundi aliotaka uonekane. Akashusha pumzi.

"Nisamehe, mama. Ni mimi. Mashine mpya, bado najifunza. Hapa nilikandamiza mno, rangi ikageuka."

Kinyonga akapiga chafya ya uongo. Kesi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akawa na hoja na akaimeza.

"Kumbe," akasema Mama. "Basi fundi bado."

"Hapana!" Mzee akaruka kama aliyeguswa na umeme. "Hapana, mke wangu, usimhukumu hivyo! Kijana anayekubali kosa lake hadharani wako wangapi siku hizi? Hebu litazame lile boneti! Huyu ni mtu. Huyu anafaa. Mwanangu, kuanzia leo niite baba." Akamkumbatia Povu, na nilimsikia akimnong'oneza sikioni, "Mungu akubariki, Mungu akubariki."

Mama akainama, akapitisha kidole kwenye mlango wa bilingani, kuanzia kwenye kitasa mpaka chini, taratibu, kama anayesoma. Kisha akamsogelea Povu, naye Povu akanyoosha shati lenye matone.

"Mwanangu, mashine inang'arisha. Haibadilishi rangi. Moyo wako nimeupenda, lakini uongo bado hujaujua, na usiujue. Waambie wazee wako waje Jumapili."

Akageuka, akamnyooshea mume wake kiganja.

"Lete ufunguo, naendesha mimi. Pale getini pana nguzo."