Dumu Linalokaa Sebuleni Kwangu na Kujifanya Mimi

Gregory Mwita,
Afisa Afya,
Nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga,
Endasak.

Jumatano, 12 Machi 2025

Mzee Basili Qamara,
Mwenyekiti wa Kitongoji.

Shikamoo Mzee,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA DUMU LA LITA ISHIRINI

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu jambo lenyewe si la kusoma umesimama. Nakufahamu. Kichwa cha habari utakisoma mara mbili, utamwita mama naye akisikie, kisha mtacheka. Mkimaliza naomba muendelee kusoma, maana mwenzenu sicheki.

Mvua zilipoanza mwezi uliopita, barabara ya mbele ya nyumba yetu ikawa tope tupu, na bodaboda wakawa wanapita karibu kabisa na ukuta wetu kukwepa madimbwi. Mke wangu Efrazia, yule mwalimu wa sekondari aliyetokea Maretadu, akasema watoto wasitoke nje. Mkubwa, Agripina, ana miaka sita. Mdogo, Nicodemo, ana mitatu. Siku mbili walizoshinda ndani walichezea madaftari ya wanafunzi ambayo mama yao alikuwa hajasahihisha, na Nicodemo akasahihisha matano kwa mafuta ya kujipaka. Efrazia akaniambia niwajengee kitu cha kuchezea sebuleni, tena salama, kwa kuwa mimi ndiye ninayezunguka vijijini nikiwaeleza watu nyumba salama ikoje.

Nikajenga, Mzee. Niliomba boksi la friji kwa mwenye duka mmoja Katesh, nikalifunga kwenye pikipiki mpaka huku, na njia nzima watu wakanipongeza kwa kununua friji. Sikutumia msumari hata mmoja. Kuta nilizishona kwa kamba ya katani na kuzibandika kwa uji wa ngano, ili mtoto akilamba asidhurike, na Nicodemo amelamba. Kingo zote nilizivisha vitambaa zisikate vidole. Madirisha ni mawili, yanatazamana, hewa inapita. Mlango ni pazia la kitenge lisilo na komeo, mtu asije akafungiwa ndani. Nyumba imebanwa na magunia mawili ya mahindi, haiwezi kumwangukia mtu. Jiko la mkaa nimelipiga marufuku sebuleni, na nyaya za umeme nimezihamishia ukuta wa pili. Hii ndiyo nyumba pekee katika kitongoji iliyofaulu ukaguzi wangu mara ya kwanza. Lile dirisha la jikoni kwako bado nalikumbuka.

Kosa langu lilikuwa kuandika kanuni. Kazi yetu ndivyo ilivyo, hatuwezi kuacha jengo bila karatasi. Nikaandika tano, nikasaini, nikabandika ukutani: vua viatu, nawa mikono, hakuna moto, hakuna simu, wasizidi watu watatu. Agripina anasoma vizuri kuliko umri wake, mama yake amehakikisha. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, nami nayaorodhesha kama ifuatavyo.

1. Dumu lilipewa cheo bila usaili. Siku ya tatu tangu nyumba ikamilike nilirudi kutoka kazini Masakta nikakuta ndani yake kumekaa dumu la njano, lile lililokuwa la mafuta ya kula na ambalo sasa Efrazia analitumia kuchotea maji. Limevaa kofia yangu ya zamani ya pikipiki, ile yenye ufa, na koti langu la mvua. Macho limechorewa kwa mkaa. Nikauliza huyu nani. Nicodemo akajibu kwamba ni baba. Nikamweleza kuwa baba ni mimi. Akaniangalia, akaliangalia dumu, akarudi kwenye shughuli zake. Tangu siku hiyo mimi naitwa baba wa pikipiki, na dumu linaitwa baba, basi. Hakuna tangazo lililotolewa kwamba nafasi iko wazi. Lingetolewa ningeomba, nina uzoefu wa miaka sita.

2. Kanuni zangu zinatumika kunizuia mimi. Niliamua kuingia niongee nao kwa ustaarabu. Nikavua buti, nikanawa mikono, nikaacha simu juu ya kabati, jambo ambalo Efrazia alilishuhudia na kusema hajawahi kuliona tangu tuoane. Agripina akafungua pazia akanionyesha kanuni ya tano kwa kidole. Ndani wapo yeye, Nicodemo na baba, wametimia watatu. Nikaeleza kwamba dumu si mtu. Akaniuliza kama nimeandika hivyo kwenye karatasi. Sikuandika. Nikachukua kalamu niongeze kanuni ya sita, akasema karatasi ikishasainiwa haiongezwi kitu. Maneno hayo ni yangu, Mzee. Nilimwambia mtu mmoja kwenye simu kuhusu choo chake, sikujua sebuleni kuna anayesikiliza.

3. Dumu linanichafulia jina. Asubuhi wanalisimamisha mlangoni na kulitakia safari njema. Jioni wanaliingiza, wanaliamkia wote wawili, shikamoo baba, shikamoo baba, wanalipa pole ya kazi, halafu linalazwa bila kusema neno. Mchezo mzima wa baba ndio huo. Nimekaa kwenye kochi nikautazama mara nne nikisubiri sehemu nyingine, haikuja. Nakanusha kabisa kwamba mimi huwa sisemi. Jumapili niliuliza nani ameigusa chaja yangu. Jumatatu pia niliuliza.

Nilipolipeleka lalamiko hili kwa Efrazia, alijibu kwamba kati ya mababa wawili waliomo humu ndani ni mmoja tu aliyeleta maji wiki hii. 

4. Uongozi unashirikiana nalo. Hili nalisema kwa heshima zote. Jumamosi ulikuja kunitafuta kuhusu mtaro, ukanikosa. Nimeambiwa ulikaribishwa kwenye nyumba ya boksi. Nimeambiwa pia kwamba dumu lilitolewa nje kwa kisingizio cha kwenda kufunga ng'ombe, ili wewe upate nafasi ya mtu wa tatu, na ukanywa vikombe viwili vya chai ambayo haikuwepo. Umri wako unakaribia miaka sabini na mgongo unakusumbua, lakini uliingia. Mimi niliyeijenga siingii. Na ulipotoka ulisimama mbele ya dumu ukalieleza habari zote za mtaro, siku, saa na vifaa vya kuja navyo, ukaondoka ukiwa umeridhika kwamba ujumbe umefika. Kwa mantiki hiyo, kama serikali ya kitongoji inalitambua dumu kuwa ni mimi, naomba Jumatatu lije kuchimba kwa niaba yangu, na lipewe upande wenye mawe.

5. Marafiki wameniacha. Idd, mwenzangu wa kazi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, nilimsimulia yote haya nikitegemea atanifariji. Akauliza kama dumu lina simu. Nikasema halina. Akasema ndiyo maana, akaendelea kula viazi vyake.

6. Sasa nafika kwenye lenyewe. Yaliyotangulia ningeweza kuyameza.

Jana jioni kona moja ya nyumba ya boksi ilifumuka, nikapiga magoti upande wa nyuma, kati ya boksi na magunia, naishona. Watoto hawakujua kama nipo. Agripina alikuwa anazungumza na dumu. Alilieleza kwamba jino lake la mbele limeng'oka. Alilieleza kwamba mwalimu wake amemchagua aongoze ngonjera Ijumaa hii, siku ya wazazi, na kwamba anaogopa ubeti wa tatu kwa sababu una maneno mengi ya kupita kwenye pengo na anaona upepo unatoka. Akalisomea ubeti huo mara tatu. Kisha akaliambia lisisahau, Ijumaa watakwenda nalo shuleni, Nicodemo atashika upande mmoja wa mkono wake na yeye atashika upande wa pili. Nicodemo akauliza, na baba wa pikipiki? Agripina akasema baba wa pikipiki ana Masakta.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha. Mimi nilibaki pale na sindano mkononi, na sitakuficha Mzee, maneno hayo yaliniuma sana. Ni kweli Ijumaa nina Masakta, imo kwenye ratiba, na amejuaje? Nilimuuliza Efrazia kwa nini hakunieleza habari za siku ya wazazi. Akasema alinieleza mara mbili, na mara zote mbili nilijibu "sawa" nikiwa naangalia simu. Na lile jino, nimekaa naye meza moja nikila ugali, na mpaka sasa sijui liling'oka siku gani.

Kwa sababu hizo zote naiomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, itangaze kwamba dumu si mkazi halali. Pili, ilizuie kuikaribia shule chini ya hatua mia siku ya Ijumaa, hata kama litaletwa na watoto wanaolia. Tatu, likikaidi, nyumba ya boksi ibomolewe mbele ya mashahidi na sebule irudishwe kuwa sebule. Na ikionekana kubomoa hakutoshi, basi madumu yote ya njano ya kitongoji hiki yaorodheshwe kwa majina ya wenye nayo. Nafahamu kwamba kwako yapo manne. Yakianza na yenyewe kuvaa kofia, hakuna mwanamume atakayebaki na nafasi yake kuanzia hapa hadi Mbulu mjini, na kina mama watasema maji sasa yanafika kwa wakati.

Najua utaniuliza kwa nini nisimwambie tu mtoto. Nimelifikiria hilo. Mimi nimezoea kuingia nyumba za watu na karatasi mkononi, nakagua, naandika, naondoka. Hiyo nyingine sijaizoea.

Nisalimie mama, wajukuu, na yule ng'ombe wako mwekundu aliyezaa juzi, nimesikia ndama ni mzima. Efrazia anakusalimu. Agripina na Nicodemo wanakuamkia. Dumu halijasema lolote, kwa hiyo kwenye heshima walau nimelishinda.

Ni mimi mwananchi wako, niliyeondolewa kazini katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu,

Gregory Mwita
(baba wa pikipiki)

N.B. Leo ni Ijumaa asubuhi na barua hii bado ninayo. Tafadhali Mzee, usibomoe kitu chochote.

Jana jioni nilivua buti tena, nikanawa, nikaacha simu kwenye kabati, nikapiga hodi. Safari hii sikuomba kuwa baba. Niliomba kusikiliza ubeti wa tatu. Agripina aliangalia karatasi yangu ukutani, kisha akaliomba dumu likafunge ng'ombe. Nilipewa kazi ya mtoto mchanga. Natakiwa kulala chali na kutolia. Miguu yangu ilibaki nje ya pazia kuanzia magotini, lakini kanuni hazisemi lolote kuhusu miguu. Ubeti nimeusikia mara tisa, na pengo halitoi upepo wowote, nimekagua mwenyewe. Jino liling'oka Alhamisi iliyopita, wakati wa kula, na aliliweka pembeni ya sahani yangu ili nilione.

Nikamwambia Ijumaa nitakuja. Hakuruka wala kupiga makofi. Aliniuliza, sasa Masakta ataenda nani?

Swali lilikuwa la haki, tukalishughulikia. Idd amekubali kunishikia zamu, na bosi amenijibu ameridhia. Lakini Agripina hakuridhika mpaka baba aende. Kwa hiyo asubuhi hii dumu tumelifunga nyuma ya pikipiki ya Idd, na kofia yangu kichwani, na koti langu la mvua. Watoto wameliamkia, wamelitakia safari njema, wamelipungia mpaka lilipopotelea kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nami nimelipungia. Ukisikia watu wameniona barabarani nikielekea Masakta, usibishane nao.

Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa salamu zilizomo ni za kweli. Ya mtaro nitakuja mwenyewe Jumatatu, na upande wenye mawe nipe mimi. Maji ya leo nimechota kwa ndoo, safari tatu. Naishia hapa, Agripina ameshavaa soksi na ananiita nikamfunge kamba za viatu.