Maji ya Bati la Bwanali

Jumatano, 2 Oktoba

Fundi Ladislaus amepiga kamba leo. Vigingi vinne, kamba nyeupe, nyumba imeonekana. Alhamdulillahi! Miaka kumi na miwili nimelala chumba cha nyuma kwa mama mkwe: mimi, mke wangu Somoe na magunia ya korosho. Magunia ndiyo yenye sehemu nzuri, mbali na mlango.

Huku kwetu mume humfuata mke kwao. Nilikuja na begi moja. Kiwanja katoa mama mkwe, Bi Huruma. Jina alipewa akiwa mchanga, walikuwa hawajamjua.

Somoe ana neno moja tu. Anataka mvua ya kwanza imkute ndani ya nyumba yake, chini ya bati lake, kafunga mlango wake mwenyewe. Kalisema asubuhi, kalirudia mchana. Mvua zetu ni mwisho wa Novemba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna mwanamume hapa. Akaguna.

Sasa, akili yangu. Ubavuni mwa kiwanja chetu ni nyumba ya mwanyumba wangu Bwanali, aliyemwoa Shakila, dada yake Somoe. Kaimaliza mwaka jana. Bati la bluu! Hawezi kunisalimia kabla hajalitazama bati lake. Mbele kachimba kisima kama kila mwenye bati hapa Newala, maana maji ya ardhini yako mbali mno. Unachimba, unasakafia kwa saruji, mvua ikinyesha maji ya paa yanaingia, mnakunywa hadi kiangazi. Lakini maji ya mteremko wa nyuma wa paa lake yanamwagika mchangani. Bure kabisa! Na yanamwagikia upande wetu.

Nikigeuza nyumba yetu, mgongo wake utazame mgongo wa nyumba ya Bwanali, katikati nachimba kisima. Mapaa mawili, kisima kimoja, mwenye kisima mimi. Mvua haina hati.

Kesho naamka kabla ya adhana kuhamisha vigingi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimevihamisha. Hakuna aliyeniona ila kuku.

Fundi alifika saa mbili. Huyu alifundishwa kazi Ndanda, kwenye karakana za misheni, hupima mara tatu hata gogo la kukalia. Akapima. Akakuna kichwa. Akasema, Baba Ziada, jana mlango ulitazama barabara, leo unatazama Masasi. Nikamjibu ni mambo ya kibla. Yeye Mkatoliki. Akashika sururu kwa heshima. Akili ni mali!

Mama mkwe akatoka nje. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba macho yako kwenye kamba. Akauliza tangu lini kibla ikahamia Masasi. Akasema ameswali hapa miaka hamsini, na upande wa Masasi hajaona kitu ila baraza yake yeye. Wazee wanapenda kusema.

Somoe alikuja penye kamba baadaye. Msingi ulikuwa umeshachimbwa nusu. Akasema haya, ila nikumbuke mlango huo nitautokea mimi. Bila shaka nitautokea. Nani mwingine?

Jumanne, 15 Oktoba

Kuta zimefika kiunoni. Na mimi nachimba kisima. Nimefika magotini. Malengelenge saba, nimeyahesabu.

Bwanali alipita, akasimama, akauliza ninachimba nini. Nikasema shimo la taka. Akasema ni kubwa. Nikasema tutakuwa na taka nyingi. Akaenda zake, akarudi na sururu yake mpya, akaniazima. Kaniazima sururu ya kumwibia maji yake mwenyewe! Nilicheka humo shimoni mpaka nikakohoa vumbi.

Somoe kaleta madumu kumi ya maji ya ujenzi kwa baiskeli kutoka bombani. Anasukuma polepole mno siku hizi. Nimemwambia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Fundi hayupo. Kaenda kuokota korosho zake. Kasema korosho ikishadondoka haimngojei mtu. Kuta ziko madirishani. Somoe naye anaokota zetu asubuhi, jioni anarudi anapanga tofali mwenyewe kwa kufuata kamba ya fundi. Leo kapanga mistari miwili. Nilimwonyesha tofali moja lililokaa upande. Hakunishukuru.

Mimi na kisima. Kina kimenizidi kimo. Hilo niligundua nilipotaka kutoka.

Niliita. Niliita sana. Aliyesikia ni mama mkwe. Ya Rabi! Nilikuwa kifua wazi, na shuka nimeikunja juu ya magoti. Miaka kumi na miwili nimeishi kwake hajaniona hata bila shati! Akageuza uso pembeni, akatupa kamba ya mbuzi bila kutazama, ikanipiga kichwani. Akavuta. Ana nguvu kuliko nilivyodhani. Nilipofika juu alikuwa ameshaondoka. Nimeshinda ndani mpaka magharibi kwa aibu.

Ijumaa, 8 Novemba

Fundi karudi. Kuta zimekwisha. Umebaki mkanda wa saruji wa kuzunguka juu, ndio unaoshika paa, halafu kenchi za mbao, halafu bati. Saruji ipo, mifuko minne, Somoe aliinunua kwa korosho zake. Yeye kenda Masasi kufuata mabati.

Nimekaa nikawaza. Kisima kisichosakafiwa ni tundu tu. Mchanga wa Newala unakunywa maji kuliko ng'ombe. Na mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ruvuma. Mkanda unaweza kungoja, mvua haingoji. Nikamwita fundi mwingine, Optatus, anayesakafia visima. Fundi Ladislaus nilimpa mapumziko. Alishangaa, hajawahi kupewa.

Jioni kisima kinang'aa ndani kama bakuli. Mifuko minne yote imeingia. Somoe atafurahi.

Jumapili, 10 Novemba

Hakufurahi.

Alirudi jana na lori la mabati. Akashusha, akahesabu, akaingia kuangalia saruji. Akatoka. Akaenda nyuma, akachungulia kisima. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akasema nyumba ninayojenga mimi ni ya maji, si ya watu. Halafu akakaa juu ya mabati yake akalia, mtandio usoni, mchana kweupe, na watu wanapita.

Niliona haya. Naandika ukweli. Somoe si mtu wa kulia. Hata alipojifungua binti yetu Ziada, ambaye sasa yuko bweni, alimgombeza mkunga. Nilitaka kumwambia neno zuri. Nikamwambia kisima kina kina cha watu wawili. Halikuwa neno lenyewe.

Tofali zetu za udongo. Mvua ikizikuta bila paa, kuta zinalala chini, tunaanza upya mwakani. Mawingu leo ni mazito.

Jumatano, 13 Novemba

Ajabu! Bwanali kaleta saruji. Mifuko minne, kwa mkokoteni, mpaka mlangoni. Anatabasamu tu.

Nilimuuliza Somoe imekuwaje. Akasema wamezungumza na Shakila, yamekwisha. Jana niliwaona kweli, Somoe, Shakila na mama yao, wamekaa mkekani wanabangua korosho. Nilipokaribia walinyamaza. Nikadhani wananisengenya. Kumbe walikuwa wananiombea saruji.

Si hayo tu. Mchana Bwanali kapanda ngazi, kapigilia mifereji ya bati kwenye paa lake la nyuma, kaielekeza yote kwenye shimo langu la taka. Kwa misumari yake! Kwa nyundo yake! Nilimshikia ngazi. Mtu anajiibia mwenyewe, utamzuia?

Jumapili, 24 Novemba

Tumepaua. Somoe aliwaalika watu, wakaja ishirini na kitu, maana kila mwenye nyumba hapa Somoe alishamchotea maji siku ya kazi yake. Wanawake walipika ugali wa muhogo na kuku wanne. Mmoja ni yule aliyeniona na vigingi.

Nilisimamia. Nilikuwa na kiti. Niliombwa nikihamishe mara tatu, mara ya nne wakakihamisha na mimi nikiwa juu yake. Bati la mwisho lilipigiliwa alasiri, upepo ushaanza, fundi Ladislaus anapigilia huku anasali rozari. Akashuka, akapima mlango mara tatu, akautia bawaba.

Somoe hakungoja kesho. Akabeba kitanda na dada yake, wakakiingiza. Mkeka, sufuria, picha ya Ziada ya shuleni. Mimi nikabeba begi langu. Ni lile lile.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua!

Imeanza saa tisa mchana. Tone moja, matano, halafu ngoma nzima ya bati, huwezi kusikia unachosema. Somoe akainuka, akafunga mlango, akatia komeo. Akakaa sakafuni, mgongo mlangoni, macho kafumba. Machozi yanamtoka na anacheka. Akaniashiria nikae. Nikakaa. Sijawahi kumwona hivyo toka harusi. Nilifurahi mpaka nikasahau kisima. Hilo naliandika hapa tu.

Kisha nikakumbuka kisima, nikachomoka.

Nikamkuta mama mkwe chini ya mwavuli. Maji yanaingia kutoka bati letu, maji yanaingia kutoka bati la bluu, mto! Na juu ya kisima pana mfuniko wa chuma ambao sikuuagiza. Na kwenye mfuniko pana kufuli. Shakila alikuwepo. Somoe akaja nyuma yangu, amejifunika kanga. Mama mkwe akatoa funguo mbili kifundoni mwa kanga, moja akampa Shakila, moja akampa Somoe. Akasema ardhi ni ya kwake, watoto ni wa kwake, kisima ni cha wanawe. Saruji ya Shakila imejenga mkanda, saruji ya Somoe imejenga kisima, wamelingana.

Nikauliza na mimi niliyechimba? Akasema Mungu atanilipa.

Nikamtafuta Bwanali nimpe lawama. Alikuwa chini ya upenu wake, amelowa, anaangalia kufuli. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa na uhakika ufunguo atapewa yeye. Tukasimama pale wawili tukiangalia. Alipoondoka alisahau kutazama bati lake.

Ijumaa, 29 Novemba

Usingizi mtamu. Siku nne nimetoka gizani kwenda kutazama mawingu kisimani, leo nimelala mpaka jua limetoka. Nimeamka, nikafunga shuka kiunoni, mswaki mdomoni, nikafungua mlango wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza nikapokee asubuhi.

Mama mkwe! Hatua kumi na tano mbele yangu, kwenye baraza yake, anapeta mchele. Uso kwa uso. Mlango kwa mlango. Akaitika marahaba kabla sijaamkia, akajifunika uso kwa ungo.

Nikarudi ndani mbio. Nimevaa shati, suruali, kofia. Nimetoka. Yupo. Kasema miguu yake inapenda jua la asubuhi, na jua huja upande huu. Nimejaribu dirisha la nyuma. Fundi katia nondo. Nimemuuliza nani kamwagiza, kasema alipima tu akaona panafaa.

Kwa hiyo kila nikitaka kujisaidia, hata saa kumi na mbili alfajiri, navaa kama mtu anayekwenda kuoa.

Somoe alinikumbusha kwamba nyumba kama ingebaki ilivyopigwa kamba, mlango ungetazama barabara. Mtu mwenye mawazo makubwa hajibu kila kitu.

Jumapili, 1 Desemba

Fundi Ladislaus kaja kupiga kamba ya choo. Yeye na Somoe wamekubaliana kiwe mbali, ng'ambo ya mkorosho mkubwa, upande wa chini. Eti ndiyo taratibu. Kwenda huko napita mbele ya baraza, kurudi napita mbele ya baraza. Maisha yangu yote yaliyobaki!

Nimetazama ramani kichwani mwangu. Mlango wa nyuma naweza kuutoboa kimya kimya, pale penye tofali lililokaa upande. Na nyuma ya nyumba nafasi ya choo ipo, tena nzuri, ardhi imeshalainika, hatua tano tu kutoka kisimani. Hata maji ya kutawadhia yatakuwa jirani. Nashangaa fundi mzima, wa Ndanda, hakuliona hili.

Vigingi vinne, nimeona alipoviweka. Kuku aliyenishuhudia mwanzo tumeshamla. Kesho naamka kabla ya adhana.