Mishumaa ya Mdalasini Mchana wa Ramadhani

Mbugangari, Gisenyi
Tarehe 20 Ramadhani, mwaka 1956

Kwa Baba Mkwe, Mzee Songoro, Goma

Shikamoo Baba. Mimi mkweo Kadiri, fundi cherehani, ni mzima wa afya, ila heshima yangu iko mahututi. Nimeshika kalamu kwa adabu zote kumshitaki binti yako Saidati, aliyekuja kwako juzi na sufuria yake ya nta. Najua keshakueleza ya upande wake. Naomba usikie na upande wenye haki.

1. Saidati anatengeneza mishumaa ya manukato nyumbani. Anayeyusha nta ya nyuki, anatia mchaichai, kisha anaimimina katika vikombe vyangu vya chai. Vyote sita. Mimi nafuturu kwa kopo la maziwa.

2. Tambi za mishumaa anazisokota kwa uzi wangu mweupe, tena wakati huu wa kushona kanzu za Iddi. Kuna mteja kanzu yake ina mkono mmoja ulioshonwa kwa uzi mweusi. Nimemwambia ndiyo mtindo mpya wa Usumbura, na sasa wenzake watatu wanautaka.

3. Hili ndilo kubwa. Ijumaa alibuni mshumaa wa mdalasini, iliki na karafuu, akauwasha saa nane mchana. Baba, mtaa mzima umefunga, na dirishani kwangu inatoka harufu ya pilau. Majirani wakajaa mlangoni. Bi Zena akaniuliza mbele ya watu: «Kadiri, kumbe we uko unakula muchana?» Nikawaonyesha mshumaa, wakacheka, wakaingia kukagua masufuria. Mzee mmoja wa msikitini alininusa kinywa. Alikuta njaa tupu, lakini hakuomba radhi.

4. Nyuki nao walinusa nta na mchaichai, wakadhani kwangu ni mzinga. Kundi zima limehamia ndani ya cherehani. Nashonea uani kwa mkono, na nikihitaji mkasi naingia kwa kupiga hodi.

5. Basi nikamwambia kwa upole achague: mishumaa au mimi. Akachukua sufuria. Hakufikiri hata kidogo, Baba, na hapo ndipo paliponiuma.

Kwa hiyo naomba umkalishe chini, umwage ile nta, na umpe onyo kali. Akikiri makosa, nitampokea. Najua desturi inataka mume aende ukweni na wazee wawili kuomba arudishiwe mkewe, lakini hiyo ni desturi ya mume mwenye kosa. Mimi sitatia mguu Goma.

Nisalimie Mama, mashangazi wote, na majirani zako waliofunga, ambao nawaonea huruma kwa yatakayowapata.

Ni mimi mkweo, mtiifu kwako katika kila jambo isipokuwa hili,
Kadiri

N.B. Usinijibu kwa posta. Barua hii nimeipitisha chini ya mlango wako, na mimi niko nje na wazee wawili, sukari kilo tano na nta nzuri ya kutoka mlimani. Siku mbili hizi nimekula daku peke yangu katika nyumba isiyonukia chochote. Mwambie Saidati aje na sufuria. Kama bado amekasirika, basi wafungulieni mlango hawa wazee wakae, maana wamefunga na jua ni kali, mimi nitasubiri.