Mfalme Aliyesahau Shoka

Jumatatu, 3 Juni
Ushindi! Au tuseme karibu ushindi. Nimesoma sura ya mwisho ya riwaya yangu mkahawani kwa Bwana Boubaker, Si Boubaker tunavyomwita, mbele ya wapenzi wote wa hadithi za majini na mazimwi. Humo, Mfalme Ghashum, baba wa uovu, nguvu zake zote zimo kwenye kiti chake. Mwingine akikikalia, anaungua na kuwa majivu. Anaingia Salma, muuza chumvi, na shoka. Anakipasua kiti, mfalme anayeyuka. Makofi! Kisha Lalla Kmar, mwalimu mstaafu wa hesabu, akainua kidole.

"Mwanangu Lamjed, mfalme mwenye majeshi yote hayo, mlangoni hakuweka hata paka?"

Walicheka mpaka Si Boubaker akamwaga chai. Najua anachotaka mama huyu. Jumapili ni tamasha la maktaba, na Bi Souad wa maktaba atachagua mmoja wetu tu apande jukwaani. Lalla Kmar naye anaandika. Vita!

Jumanne, 4 Juni
Nimeweka joka mlangoni. Vichwa vitatu. Kazi safi! Wakati wa chakula nikagundua kuwa sasa Salma hawezi kuingia. Nikalilaza joka usingizi. Nikampigia simu Lalla Kmar, nikamsomea kwa maringo. Akauliza mfalme analifugia nini joka la kulala tu. Nimekata simu. Joka nimelifuta.

Jumatano, 5 Juni
Mpango kabambe. Binamu yangu Nejib, mtu asiyesoma hata kopo la pilipili ya harisa, atakuja kesho mkutanoni kwetu mkahawani. Atamuuliza Lalla Kmar swali la kumwaibisha. Nimelitunga mwenyewe. Nimemwahidi briki, zile sambusa za mayai.

Alhamisi, 6 Juni
Msaliti! Nejib kaisoma riwaya yangu yote, eti anajiandaa. Kasimama, swali langu kalisahau, kaniuliza mimi: Salma alikatwa mkono sura ya tatu, vipi mwishoni anashika shoka kwa mikono miwili? Bi Souad, aliyekuja kutupima, alificha kicheko kwenye leso. Nejib kala briki zake bila haya.

Ijumaa, 7 Juni
Leo Bi Souad anatangaza jina mkahawani. Nimemtumia Lalla Kmar ujumbe kwamba mkutano umehamia La Marsa, ufukweni. Akili! Nikakaa kwa Si Boubaker na shati jeupe, nikingoja. Bi Souad hakuja. Hakuja mtu.

Simu ikalia. Lalla Kmar, yuko La Marsa. Kwa wema wake kawapelekea wote ujumbe wangu! Bi Souad yuko kando yake. Jukwaa nimempelekea mimi mwenyewe.

"Uko wapi, mwanangu? Tunakungoja. Nimemwambia Bi Souad akuchague wewe, na amekubali. Mimi jukwaa la nini? Nakuchokoza kwa sababu hadithi yako naipenda. Nataka isimame."

Nikasema sikuwahi kufikiria kwamba yupo mtu asiyelitaka jukwaa.

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi jibu la swali la mlango ndilo hilo! Mfalme wako kajilinda na kila anayekitaka kiti. Muovu anampima kila mtu kwa tamaa yake. Kwamba kuna mtu atafika pale asitamani kukaa, akivunje tu, hilo hata hakuliota."

Nikamwambia nilikuwa nalijua muda wote.

Jumapili, 9 Juni
Ushindi mtupu! Ukumbi umejaa mpaka ngazini. Salma nimemrudishia mkono. Msichana mmoja akauliza kwa nini mlango haukulindwa. Nikarekebisha miwani, nikajibu: mfalme hakujua kwamba kuna moyo usiotaka kutawala. Ukumbi mzima ukaguna kwa raha, kisha wakasimama. Mzee mmoja alilia, wallahi. Lalla Kmar, mstari wa mbele, akapiga vigelegele kama yuko harusini. Sijawahi kuwa mrefu kama leo.

Jumatatu, 10 Juni
Lalla Kmar kabisha hodi asubuhi na sahani ya makrudhi za moto, zile keki za tende. Anajitolea kunihaririria riwaya ya pili. Bure! Jina lake hataki liandikwe. Shukrani hataki. Nimemuuliza mara tatu anataka nini. Hataki kitu, kasema, anapenda hadithi tu.

Hataki kitu! Nani hataki kitu?

Nimemshukuru sana, nimepokea sahani, nimemsindikiza mpaka barabarani. Kisha nimekwenda moja kwa moja kununua kufuli la pili la mlango.